Fimbo namba 5 na nzi wa bandia Mwanza kiangazi: soma upepo na mwezi kwanza

Mkuu, umeuliza kama fimbo namba 5 (namba hueleza uzito wa kamba inayorushwa nayo) uliyoletewa kutoka Uingereza, pamoja na kile kiboksi cha nzi wa bandia (ndoano zilizofungwa nyuzi na manyoya zifanane na wadudu) wa kuvulia trauti, samaki wa mito ya baridi, vitafanya kazi Mwanza kiangazi hiki, na kama vitafanya, ufunge nzi gani. Fimbo inafaa. Nzi wengi waliomo kwenye kiboksi hawafai, na kosa si rangi yao. Wametengenezwa kuigiza wadudu wa mto wa baridi, wakati wewe unavua kwenye ziwa la joto ambalo wadudu wake hufuata mwezi.

Trauti mwenyewe msahau. Maji yakipita nyuzi 20, huko kwenye mito yake wavuvi wastaarabu hukunja fimbo, maana samaki aliyechoshwa kwenye maji ya uvuguvugu anaweza kufa hata ukimwachia. Ziwa Victoria, hata Juni na Julai linapopoa kuliko miezi mingine, juu linabaki karibu nyuzi 24. Anayemtaka trauti aende kwenye mito inayoshuka Mlima Kenya na Aberdare. Hapa namba 5 ni fimbo ya sato, na ya furu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa anayejifunza kurusha. Sangara anataka namba 9 au 10.

Tuanze na upepo, kwa sababu ndio utakaoamua usimame wapi. Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki ndio unaotawala. Usiku na alfajiri unaungana na ule wa nchi kavu unaoelekea ziwani, ndiyo maana upande wetu wa kusini unaweza kuamka na upepo mkali wakati ulitegemea asubuhi tulivu. Jua likishapasha ardhi, hewa ya ziwani inaanza kuja nchi kavu na kupingana na ule wa kusini. Kabla ya hewa ya ziwani kushinda, mara nyingi kunakuwa na kipindi kifupi cha utulivu kabla ya adhuhuri. Hicho ndicho kipindi cha mtu anayejifunza, kwa sababu kamba ya nzi ni nyepesi na upepo unaichezea.

Mgeni hukimbilia ufukwe uliotulia. Mimi ningekupeleka upande unaopigwa na upepo, mradi mawimbi yasizidi urefu wa kiganja. Upepo unasukuma wadudu waliokufa, mwani na uduvi kuelekea kwenye mawe, na sato anakuja kula hapo hapo, wakati mwingine kwenye maji yasiyofika mita moja. Ukirusha kwa mkono wa kulia, simama upepo ukupige bega la kushoto. Ukikupiga la kulia, ndoano itapita karibu na sikio lako kila unaporusha. Vaa kofia na miwani, na kabla hujafunga nzi, bana kwa koleo ule mwiba mdogo wa ndani wa ndoano mpaka ulale. Siku itakayokuingia kwenye kidole utaelewa kwa nini.

Mawe yako mengi: Capri Point, Luchelele, na kwa upande wa Ilemela kuna Bwiru, Igombe na Kayenze. Chagua jiwe pana lililo kavu, na lenye nafasi nyuma yako ya angalau mita kumi, kwani kamba ya nzi inahitaji kwenda nyuma kabla ya kwenda mbele. Penye mafunjo au miti nyuma utakuwa unavua majani. Mdomo wa Mto Mirongo uache. Ule mto umepita katikati ya mji na unabeba kila kitu. Kisiwa cha Saanane nacho ni hifadhi ya taifa tangu 2013, hakivuliwi.

Sasa mwezi. Usubi wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama nguzo za moshi, hutoka kwa wingi zaidi mwezi unapoandama. Siku hizo sato na furu wanakula lava (watoto wa usubi) wanaopanda kutoka kwenye matope kwenda juu, kwa hiyo nzi mdogo mwembamba anayeinuka polepole ndiye wa kufunga. Mwezi mpevu una mdudu wake mwingine, anaitwa Povilla adusta: ana mabawa meupe makubwa na nyuzi ndefu mkiani, na mtoto wake hutoboa mashimo kwenye magogo na mafunjo yaliyozama. Huyu hutoka baada ya giza kuingia, na kilele chake ni usiku wa pili baada ya mwezi mpevu. Anaishi muda mfupi sana, hivyo alfajiri inayofuata maiti zake zinaweza kuwa zinaelea kandokando. Ndiyo alfajiri pekee ambayo ningekwambia ufunge nzi mkubwa mweupe wa kuelea, ndoano namba 8 au 10. Usiku wenyewe usikae ukingoni kumsubiri. Mamba na viboko hawajali kalenda yako.

Siku zilizobaki za mwezi, nzi watatu wanakutosha.

Wa kwanza ni lava mwekundu wa matopeni, naye ndiye atakayekupa sato wengi kuliko wote. Chukua ndoano namba 12 au 14 (kumbuka namba ikipanda ndoano inapungua). Zungushia uzi mwekundu wa cherehani kutoka kwenye tundu mpaka pale chuma kinapoanza kupinda, safu moja tu, kisha urudi. Juu yake zungusha waya mwembamba wa shaba, ule wa koili ya spika mbovu, mizunguko mitano au sita yenye nafasi sawa. Malizia kichwa kwa nyuzi mbili tatu za unyoya wa hudhurungi wa jogoo, funga fundo, paka rangi ya kucha ile angavu, uache ikauke vizuri. Kosa la kila anayeanza ni kumnenepesha. Mwili usizidi nusu ya unene wa njiti ya kiberiti. Ukizidi, hazami haraka na hafanani na kitu chochote kinachoishi kule chini.

Wa pili ni uduvi, ndoano namba 10 au 12. Manyoya laini ya mbuzi, ya rangi ya maziwa yenye chai kidogo, yafungwe yatokeze nyuma kidogo, na juu ya mgongo ulaze utepe mwembamba wa plastiki angavu. Sato wa ziwa hili si mla mwani peke yake kama wengi wanavyodhani. Anakula wadudu na uduvi pia, na ndiyo sababu nzi wa bandia anafanya kazi. Mvute kwa mikupuo miwili mifupi, halafu acha.

Wa tatu ni wa juu, mweusi, mdogo, wa kukaa juu ya maji siku usubi unapoanguka. Katika kile kiboksi chako bila shaka wapo wa namna hiyo.

Kwenye kamba, nailoni ya mbele iwe na urefu wa mita tatu hivi, na mita moja ya mwisho iwe ya milimita 0.20. Nene zaidi ya hapo lava mdogo hazami kwa uhuru. Nyembamba zaidi, mawe yataikata. Ukitaka kujirahisishia, kata kipande cha ndala kuukuu chenye ukubwa wa punje ya hindi, kipitishe kwenye nailoni kiwe kiboya, mita moja hadi moja na nusu juu ya nzi. Wapo watakaokwambia huo si uvuvi wa nzi. Waache na uvuvi wao.

Rusha, kisha usivute. Hesabu mpaka kumi nzi azame. Usipopata kitu, mrusho unaofuata hesabu mpaka kumi na tano, halafu ishirini, mpaka nzi aanze kugusa mawe. Hapo rudi nyuma kidogo, ndicho kina chako cha siku hiyo. Vuta kwa vidole sentimita tano, pumzika, vuta tena. Sato hashtui mshipi kama sangara. Anamnyonya nzi na kumtema ndani ya muda mfupi sana, na dalili pekee ni ncha ya kamba kusimama ghafla au kwenda upande. Ukiona hivyo vuta kamba kwa mkono wa kushoto, mvuto mfupi, bila kuinua fimbo. Anayenyanyua fimbo kwa nguvu anang'oa nzi mdomoni au anakata nailoni.

Ukikosa kabisa, angalia maji kabla ya kubadilisha nzi. Zamisha nzi kwa mkono: kama humwoni akifika kina cha kiwiko, maji yamechafuka, na rangi ya kahawia haitakusaidia, funga mweusi au mwekundu uliokolea, kwenye ndoano kubwa zaidi kwa saizi moja. Ndani kabisa ya Ghuba ya Mwanza maji huwa na tope kuliko kuelekea ziwa wazi, kwa hiyo kuhamia Kayenze kunaweza kukusaidia kuliko nzi mpya. Maji yakiwa na utando wa kijani mzito kama rangi iliyomwagika, ondoka hapo. Mwani wa namna hiyo unaweza kuwa na sumu, na pia unashika kamba isiteleze kwenye pete za fimbo. Ifute kamba kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kila unaporudi nyumbani.

Kuhusu sangara, kwa kuwa najua utauliza. Kiangazi ndicho kipindi kigumu kumpata kutoka ukingoni. Ziwa linapovurugwa na upepo wa Juni na Julai, hewa inashuka mpaka chini na sangara mkubwa anatawanyika kwenye kina chote. Kuanzia Oktoba hivi maji yanapojipanga tena matabaka, chini hewa inapungua naye anabanwa juu. Kwenye mawe utakutana na wadogo, na wa chini ya sentimita 50 sheria haikuruhusu kumbeba. Sato ni sentimita 25. Ukiwa na fimbo nzito na mtumbwi, nzi wake ni dagaa au furu wa bandia, sentimita kumi hadi kumi na tano, kwenye ndoano kubwa ya 2/0 au 3/0. Nyuzi nyeupe za kiroba cha sandarusi zilizochambuliwa kwa sindano zinatosha kabisa, na mgongoni chora mstari wa kalamu nyeusi isiyofutika. Nailoni ya mbele iwe milimita 0.70; meno yake ni madogo lakini yanasaga, na kifuniko cha shavu kina makali. Ukitaka kumfuata bila longolongo, Hifadhi ya Rubondo inaruhusu uvuvi wa burudani kwa kibali.

Leseni ulizia kwa ofisa uvuvi wa halmashauri, na ukifika mwalo wowote jitambulishe kwa viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) kabla hujatoa fimbo. Mtu anayerusha kamba hewani karibu na mitumbwi ya watu anahitaji kueleweka mapema.

Jambo la mwisho ambalo video za nje hazitakwambia: usiingie majini. Wavuvi wa trauti wanasimama mtoni mpaka kiunoni, huku kwetu hivyo ndivyo mtu anavyopata kichocho. Minyoo yake hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye majani ya kingoni, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache, hasa mchana wa jua kali. Vua ukiwa juu ya jiwe. Ukilazimika kumfuata samaki, buti za mpira zinazofika gotini, na usizidishe kina cha buti. Kama umeshaloa mara kadhaa, nenda ukapime.

Sato jike akikutapikia mayai au vifaranga kutoka mdomoni, mrudishe haraka pale pale, yeye anaatamia mdomoni.

Kwenye kiboksi, bakiza wote wadogo weusi na wekundu wa namba 12 hadi 16. Wale wenye mabawa ya manjano na mikia ya madoido usiwatupe: chukua wembe, nyoa manyoya yote, utabaki na ndoano nzuri kuliko nyingi zinazouzwa hapa mjini, na juu yake utafunga lava.