Mistari ndani ya darubini: dakika au mili?

SWALI: Asalaam aleikum, fundi. Mimi ni nahodha wa boti ya watalii hapa Nungwi. Nimenunua darubini ya baharini ya mtumba, 7×50, yaani inakuza mara 7 na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 50. Nikichungulia naona vistari, vingine vimelala na vingine vimesimama, na namba 10, 20, 30. Shemeji yangu ni askari, anasema ni kama darubini ya bunduki, kila kimoja ni dakika. Fundi wangu wa mashine anasema ni mili. Mimi dakika ninayoijua ni ya ramani. Nani mkweli, na je, naweza kujua niko mbali kiasi gani na mnara wa taa?

JIBU: Waaleikum salaam, nahodha. Fundi wako ndiye aliye karibu na ukweli, maana darubini nyingi za 7×50 zenye vistari huchorwa kwa mili. Lakini usimcheke shemeji: darubini za bunduki zipo za dakika na zipo za mili.

Kwanza elewa kuwa vistari hivyo havipimi mita. Vinapima pembe. Nyoosha mkono, utaona kidole gumba kinaifunika ngalawa nzima iliyo mbali; ikisogea karibu, kinafunika kipande cha tanga tu. Kidole ni kile kile, kilichobadilika ni umbali.

Dakika yako ya ramani ndiyo dakika hiyo hiyo ya shemeji. Duara lina nyuzi 360, kila nyuzi ina dakika 60, jumla dakika 21,600. Jifanye umesimama katikati ya dunia, kiasi cha kilomita 6,371 chini ya boti yako. Dakika moja ikifunguka kutoka huko, inapofika juu inakuwa na upana wa mita 1,852, yaani ile maili ya baharini unayoihesabu kila siku. Ifungue dakika hiyo hiyo kutoka jichoni mwako hadi umbali wa mita 100: upana wake ni sentimita 2.9 tu. Wamarekani wanaipenda kwenye bunduki kwa sababu kwa yadi 100 ni inchi 1.047, na wao huihesabu kuwa inchi moja mambo yakaisha.

Mili haina habari na 360. Chukua kamba yenye urefu sawa na nusukipenyo cha duara, ilaze juu ya mzingo. Pembe inayopatikana ni radiani moja. Igawe mara elfu, hiyo ndiyo miliradiani, kwa mkato mili. Hapo hesabu inakuwa ya kitoto: mili moja ni mita 1 kwa umbali wa mita 1,000, au sentimita 10 kwa mita 100. Ukiigeuza kuwa dakika, mili moja ni kama dakika 3.44.

Yako ni ipi? Usiulize mtu, ipime. Maji yakipwa, nenda kwenye mchanga mgumu, chomeka vijiti viwili, baina yao iwe mita 1 kamili. Rudi nyuma mita 100 kwa tepu, si kwa hatua (nimeshaona mtu mrefu na mtu mfupi wakipishana mita 15 kwa hatua zile zile mia), kisha chungulia. Nafasi ya vijiti ikisoma 10, ni mili. Ingekuwa dakika ingesoma 34. Ukipata kama 9 na nusu, usiitupe: huenda ni ya Kisovieti, maana wao waligawa duara mara 6,000, ilhali mili halisi ni 6,283. Majeshi ya NATO hugawa mara 6,400.

Sasa mnara. Chukua kimo chake kwa mita, zidisha kwa 1,000, gawa kwa mili ulizosoma. Tuseme mnara ni wa mita 20 na umesoma 25: uko mita 800. Basi.

Hapa ndipo wengi wanapokwama, nahodha, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ramani za bahari kwa kawaida huhesabu kimo cha taa kutoka maji ya bamvua (yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) yakiwa yamejaa. Huku kwetu bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4. Uko pale pale mita 800, maji yamekupwa, nawe unapima kutoka kwenye maji hadi kwenye taa: unachokiona sasa ni mita 24, darubini inasoma 30. Ukigawa 20,000 kwa 30 utajiona uko mita 667. Umejipoteza mita 133 bila boti kusogea. Dawa yake ni kupima kitu ambacho maji hayakigusi: kutoka msingi wa jengo hadi juu, ukijua kimo cha jengo lenyewe.

Na usiiamini kwa mbali sana. Ukisoma 25 na mkono ukatetemeka mili moja, umekosea asilimia 4. Ukiwa kilomita 4 mnara ule ule unasoma 5, na mtetemo ule ule ni asilimia 20. Kwa umbali huo mimi ningeshika GPS.

Shemeji mwambie asome maandishi kwenye kifundo cha darubini yake, kile anachozungusha kurekebisha shabaha. Kikiandikwa 1/4 MOA (robo dakika), kila kikilia "tik" kinahamisha shabaha milimita 7 kwa mita 100. Kikiandikwa 0.1 MRAD (sehemu ya kumi ya mili), ni sentimita 1. Matatizo huanza pale vistari vya ndani vinapokuwa vya mili na kifundo cha dakika: anaona amekosea mili 2, anazungusha tik 8 akidhani amemaliza, kumbe amesogeza dakika 2 tu na alihitaji karibu 7, yaani tik 27 au 28. Na kama darubini yake ina kukuza kunakobadilika, aangalie pia: nyingine vistari vyake husema kweli kwenye kiwango kimoja tu cha kukuza. Yako ya 7 haibadiliki, kwa hilo umenusurika.