Tai au mwewe? Anza na umbo, rangi iache mwisho

Mkuu, nimezifungua picha zako zote nne kwenye skrini kubwa na kukaa nazo. Umeuliza kama huyu ndege mweusi anayezunguka kwenye anga jeupe ni tai au mwewe, na waliokujibu wamegawanyika: mmoja kasema tai kwa kuwa ni mweusi na anaonekana mkubwa, mwingine kasema kozi kwa kuwa picha ya kwanza inaonyesha mabawa yaliyochongoka. Mimi nasema ni mwewe. Nitaeleza nimefikaje hapo, maana picha za namna hii utazipiga tena na tena.

Ukubwa uweke pembeni kabisa. Ndege akiwa peke yake angani hakuna cha kumpimia. Ukubwa wake kwenye picha ni habari ya umbali na lenzi tu. Hata akiwepo kunguru anayemfukuza, hakikisha kwanza kwamba wako umbali mmoja kutoka kwenye kamera.

Rangi nayo inadanganya kuliko watu wanavyodhani. Kamera ikipima mwanga wa anga jeupe, chochote kilicho mbele yake kinageuka kivuli, kwa hiyo karibu kila ndege mwindaji anatoka mweusi. Ukija kuongeza mwangaza kwenye programu, rangi ya kahawia inayojitokeza si ya kuapia. Kuna na mengine: jua likipenya kwenye manyoya ya kurukia linaacha mabaka meupe ambayo si rangi ya ndege, na mchanga mweupe au nyasi kavu hurudisha mwanga juu na kuling'arisha tumbo. Simu nyingi pia hunoa picha zenyewe, yaani huongeza ukali wa kingo. Vuta picha yako ya tatu uone: kuna mstari mweupe ukingoni mwa bawa, lakini mstari huohuo unazunguka mwili mzima mpaka kichwani. Huo umetengenezwa na simu, usiuhesabu kama alama.

Kinachobaki hata kwenye picha yenye ukungu ni uwiano wa viungo. Nenda picha ya pili, ambayo ndege yuko karibu wima juu yako na mabawa yamenyooshwa. Weka ukingo wa karatasi juu ya skrini, tia alama kwenye upana wa bawa pale linapoungana na mwili, kisha upeleke kwenye mkia. Utaona mkia unazidi kidogo upana wa bawa. Tai wengi wakubwa mkia wao hauzidi hapo, na wengine ni mfupi zaidi. Sasa hesabu manyoya yaliyoachana kwenye ncha ya bawa, yale tunayoyaita vidole. Kwenye bawa la kushoto naona sita. Mwewe ana sita, tai wakubwa wa jenasi ya Aquila huonyesha saba, shakivale, ndege mwindaji mwingine, vitano, na kozi hana vidole vilivyoachana hivyo. Ila hesabu mabawa yote mawili, kwa sababu ndege anayebadilisha manyoya anaweza kuwa na pengo upande mmoja. Kwako bawa la kulia limefifia, kwa hiyo hesabu hii naitumia kama ushahidi wa kuunga mkono tu.

Kuhusu hoja ya kozi: picha ya kwanza imempata akiteleza, mabawa yamekunjwa kwenye kiwiko na ncha zimerudi nyuma. Akiwa hivyo karibu mwindaji yeyote anaonekana amechongoka. Umbo la bawa lisome pale lilipofunguliwa lote.

Mkia wake ndio ulionishawishi zaidi. Picha ya nne umefungwa, na una pembe mbili zenye mbonyeo katikati. Picha ya tatu ameutandaza na mbonyeo umepotea, ndiyo maana mtu akaandika kwamba mwewe hawezi kuwa na mkia ulionyooka. Anaweza, akiutandaza. Tena kwenye picha ya nne mkia umelala upande tofauti na mwili, kama usukani wa mashua. Mwewe anaupindapinda hivyo muda wote akiwa angani.

Nimewafikiria pia ndege wawili wanaoweza kuchanganywa na mwewe. Kuna tai mdogo mwenye miguu iliyofunikwa manyoya hadi vidoleni, ambaye naye hutokea kwa rangi ya giza na ana vidole sita vya bawa. Huyo mkia wake umekatwa mraba, na ana kidoa cheupe kila upande bawa linapoanzia, kinachoonekana hata akija usoni. Kisha kuna jike la wale wawindaji wa vinamasini wanaopita chini chini juu ya matete: vidole vitano, mkia wa mviringo, na akiteleza mabawa yanainuka kama herufi V. Wa kwako mabawa yameinama kidogo nchani.

Msidhani basi kwamba picha mbovu haifai. Tai aitwaye pungu, akiwa amekomaa, unaweza kumtaja hata akiwa doa, mkia wake mfupi kiasi kwamba miguu inachomoza nyuma yake. Hata jinsia unaipata ukimwona kwa chini: jike ana ukingo mwembamba mweusi nyuma ya bawa jeupe, dume ukingo wake ni mpana. Mimi hufurahi sana kila ninapokutana na picha ya namna hiyo. Angalia tu asiwe kinda, maana wao mkia ni mrefu zaidi.

Kwa ndege wako naishia kwenye mwewe. Kusema ni ile aina ya mwewe yenye mdomo wa njano kunahitaji kuuona mdomo, na hapa kichwa ni pikseli chache tu. Hata ukionekana mweusi bado haitoshi, kwa kuwa makinda wa huyo wa njano nao wana mdomo wa giza. Kwenye kumbukumbu zako andika mwewe na uache hapo. Ni jibu kamili kwa ushahidi uliopo.

Kama bado hujazifuta zile nyingine ulizopiga kabla na baada ya hizi, ziweke hapa. Weka faili asilia, zisizokatwa wala kupitishwa kwenye programu za kutumiana ujumbe zinazozibana, na utaje saa na jua lilikuwa upande gani. Hasa ile ambayo amegeuza kichwa kuelekea jua, iweke hata kama imetikisika.