Kelele peke yake haikuwapa viziwi kazi magazetini

Mkuu, umeuliza kama ni kweli magazeti ya Marekani yalijaa viziwi kwa kuwa kelele za mitambo haziwasumbui, na kama mpwa wako asiyesikia aingie kwenye uchapaji. Nimefanya zamu za usiku kwenye matbaa moja huku Maryland, na mzee mmoja tuliyekuwa naye alikuwa kiziwi wa enzi za linotaipu, mashine iliyomimina mistari ya herufi kwa madini ya risasi.

Kelele ni kweli, ila ni nusu ya habari. Sisi tumeziba masikio, tunapigiana ukelele na hatuelewani. Mzee yule na kiziwi mwenzake wanapiga soga kwa lugha ya alama toka mwisho huu wa ukumbi hadi ule. Mtambo ukianza kwenda kombo, alihisi kwa nyayo kabla fundi hajageuka.

Lakini tajiri gani atakuajiri eti kwa sababu hujali kelele? Shule za viziwi za kule zilifundisha uchapaji tangu karne ya 19, nyingi zikichapa gazeti lao wenyewe, hivyo kijana alimaliza shule ana ufundi mkononi. Kisha kulikuwa na chama cha wafanyakazi wa uchapaji, International Typographical Union. Ukiwa na kadi yake unaingia mji wowote, unaandikisha jina, zamu ikipungukiwa mtu unaitwa, na ujira ni uleule wa anayesikia. Mimi naona kadi ile ilifanya kazi kubwa kuliko kelele. Gazeti la Washington Post, lililo mji mmoja na Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi, lilipata kuwa na wapiga chapa viziwi zaidi ya 100, hata wanaosikia wakajifunza alama (matusi kwanza, nadhani).

Kompyuta, zilipochukua kazi ya kupanga herufi, ndizo zilizofunga mlango. Gazeti la New York Times lilipangwa kwa herufi za madini ya risasi mara ya mwisho Julai 1978, na chama kikamezwa na kingine mwaka 1987. Waliokuwamo, wengi walilindwa na mikataba. Vijana hawakuajiriwa tena.

Kwa hiyo mpwa wako asikimbilie magazeti. Vifungashio, lebo na mabango bado vinachapwa kila siku, na usanifu wa kurasa anaweza kuufanya popote. Akipata nafasi kiwandani, nenda naye kabla hajasaini, uangalie kama mitambo ina taa ya kuonya inapowashwa. Ukikuta kengele tu, wadai taa kwanza, na uulize foklifti zinapita wapi.