Kabla hujasaini mahudhurio, uliza ajenda ya ardhi

Huku kwetu Kilosa, mkoani Morogoro, mgogoro wa ardhi hauanzi siku ng'ombe wanapoingia kwenye mahindi. Unaanza zamani, kwenye mkutano wa kijiji ambao wengi hatukwenda, au tulikwenda tukaondoka mapema. Nikiwa mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji nimesikiliza wakulima na wafugaji wakigombea bonde moja. Mara nyingi, ukifukua, unakuta wote wawili waligawiwa eneo lile lile: mmoja na uongozi uliopita, mwingine na uongozi uliofuata. Kila mmoja anakunjua karatasi yake, na zote zina mhuri wa kijiji. Hapo utamwambia nani kwamba ni mvamizi?

Wilaya hii inajua jambo hili linafika wapi. Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Nawaomba vijana wanaotaniana kuhusu "kuwaonyesha" wenzao wakumbuke hilo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji ni mdhamini tu. Haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wewe, mimi na kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Ndiyo maana anayetaka ardhi kwa njia za panya huanza na karatasi ya mahudhurio. Mnaitwa kujadili maji au ujenzi wa darasa, mnasaini, mnarudi nyumbani. Baadaye karatasi ile ile inabandikwa nyuma ya muhtasari unaosema mmeridhia mamia ya ekari. Nimewahi kushika muhtasari wa namna hiyo, na kwenye orodha ya waliohudhuria kulikuwa na jina la mzee tuliyekuwa tumeshamzika.

Kwa hiyo usisaini karatasi tupu. Dai tarehe na ajenda ziandikwe juu kabisa, kwa kalamu, kabla ya jina la kwanza. Muhtasari wa kikao kilichopita usomwe kwa sauti, kisha piga picha kurasa zote kwa simu. Mtendaji akikasirika, mwambie kwa heshima kwamba ni haki ya mwanakijiji.

Uchaguzi nao tuutazame kwa jicho hilo hilo. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, na vijiji vingi vikapata viongozi waliopita bila kupingwa. Mimi sina ugomvi na chama chochote. Ila mwenyekiti ambaye hakulazimika kuomba kura ya mtu haoni sababu ya kumweleza mtu shamba limekwenda wapi. Pakiwa na ushindani, linakuja jaribu jingine: mgombea anayeahidi kwamba akishinda, wafugaji wataondoka. Muulize hadharani wataondoka kwa sheria ipi, waende wapi, na eneo watakaloacha atapewa nani. Swali hilo la mwisho ndilo huwatoa jasho.

La muhimu kuliko yote ni mpango wa matumizi ya ardhi, na uandaliwe mapema, kabla mwekezaji hajaja na kabla ya msimu wa kampeni. Wafugaji wawemo tangu siku ya kwanza, maana njia ya mifugo iliyochorwa bila wao hupita mahali pasipo na maji, na ng'ombe watafuata maji tu. Mkutano wa saa nne asubuhi unawakosa, kwa sababu wako machungani. Sisi tulipousogeza hadi jioni walikuja, wakaonyesha wenyewe mifugo inakonyweshwa kiangazi, na mjadala wa lambo ukamalizika siku hiyo hiyo.

Na kama kwenu baraza la ardhi halipo, au lipo kwa jina tu, ulizeni kwenye mkutano ujao. Sheria inataka wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, na ni mkutano mkuu unaowaidhinisha.