Kichefuchefu cha miezi miwili na hiyo "taifodi sugu"

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Tukuyu, kazi yangu kuchuma chai. Kwa miezi miwili sasa nasumbuliwa na kichefuchefu, hasa alfajiri na nikikaa na njaa. Tumbo linawaka hapa juu, chini ya kifua, najaa gesi, na mara nyingine natapika maji machungu. Homa sina. Nimepima mara tatu naambiwa taifodi. Mara ya kwanza ilikuwa 1:80, zilizofuata 1:160, wakasema wadudu wameongezeka mara mbili na sasa imeshakuwa sugu. Nimechomwa sindano siku tano, nimemeza antibayotiki, cipro na Flagyl, napata nafuu kidogo halafu inarudi. Nyumbani natumia tangawizi, magadi na maziwa. Sokoni Mwanjelwa nilinunua unga wa kusafisha tumbo, nikaharisha sana lakini kichefuchefu kiko palepale. Mgongo ukiuma nikitoka shambani nameza diclofenac. Dukani wamenishauri tumeze dawa familia nzima, mimi, baba na watoto wetu wawili, tusiambukizane tena. Je, ni dawa gani ya nyumbani itakayomaliza hii taifodi? Ndaga fijo.

JIBU: Marahaba, mama. Dawa ya nyumbani ya kumaliza taifodi haipo. Na kwa maelezo haya sioni taifodi ya kumaliza.

Nianze na jambo ambalo naona hukuulizwa popote: umepima mimba? Mwanamke wa miaka 36 mwenye kichefuchefu cha alfajiri anapimwa taifodi mara tatu, na kile kipimo cha mkojo cha bei ya chini kabisa kwenye kabati hakuna aliyekigusa. Kipime kwanza. Kama ipo, diclofenac na ule unga viache leo hii, na uende kliniki ya wajawazito uwaambie kila ulichomeza.

Sasa hiyo 1:160. Hapa Mbeya haipiti wiki bila mtu kunikunjulia karatasi yenye namba hiyo, akiishika kama hukumu ya mahakama. Kipimo chenyewe kinaitwa Widal, kwa jina la daktari Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896, na hakimtafuti mdudu. Kinatafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili ulizitengeneza siku moja ulipokutana na bakteria wa taifodi au na ndugu zake wanaofanana naye. Kinga hizo hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya ugonjwa kuondoka, kama kovu linavyobaki baada ya kidonda kupona. Malaria na maambukizi mengine nayo yanaweza kukifanya kipimo kiitikie. Kwa watu wanaoishi mahali ambapo taifodi ipo, na kwetu ipo, ukiwapima wazima wanaotembea sokoni, wapo watakaotoka na 1:80 na 1:160, kisha wakaendelea kununua viazi vyao.

Na ile 160 si hesabu ya wadudu. Fundi wa maabara anatakiwa ayazimue majimaji ya damu yako mara 20, mara 40, mara 80, mara 160, akiangalia ni wapi bado yanagandana na dawa ya kupimia. Kutoka 80 kwenda 160 ni hatua moja tu ya kuzimua. Hatua moja inaweza kuletwa na macho ya mpimaji, au na chupa ya dawa ya kupimia iliyoshinda nje ya friji. Utaratibu wa kipimo hiki tangu zamani ulitaka damu ipimwe mara mbili kwa kupishana siku 10 hadi 14, na kiwango kiwe kimepanda mara nne, ndipo mtu aseme neno. Siku hizi tone moja linadondoshwa kwenye kioo, kioo kinatikiswa, karatasi inaandikwa, na mgonjwa anatoka na mfuko wa dawa. Aliyekwambia wadudu wameongezeka mara mbili hajui anachokipima.

Taifodi ya kweli ina homa. Homa inayopanda siku hadi siku, kichwa kinagonga, mwili unalegea, tumbo linauma, choo kinafunga au kuharisha kunaanza. Ikiachwa bila tiba, kufikia wiki ya tatu utumbo unaweza kutoboka, na hapo tunazungumzia chumba cha upasuaji. Mtu hachumi chai miezi miwili akiwa na ugonjwa huo bila homa. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara, na damu hiyo ichukuliwe kabla antibayotiki haijaingia mwilini. Ndiyo maana naudhika: dawa zinazotolewa kwa kukisia zinamharibia kipimo yule mwenye taifodi kweli.

Hiyo "sugu" nayo. Wapo watu wachache wanaobaki na bakteria wa taifodi kwenye mfuko wa nyongo kwa miaka. Anayejulikana zaidi duniani ni Mary Mallon, mpishi wa New York aliyewekwa karantini mara mbili, mwaka 1907 na 1915, kwa kuwaambukiza watu aliowapikia. Yeye mwenyewe alikuwa mzima, hakuwa na kichefuchefu wala tumbo kuwaka. Hao wabebaji ndivyo walivyo, hawaumwi. Kwa hiyo mtu akikwambia kichefuchefu chako ni taifodi iliyojificha kwenye damu, muulize aliisoma wapi.

Tuje kwenye sentensi uliyoiandika kwa kupita, ya diclofenac za mgongo. Mimi ningeanzia hapo. Dawa hizi, pamoja na ibuprofen na nyingine za jamii yake, zinazuia kemikali zinazoleta maumivu, lakini kemikali hizohizo ndizo zinazouamuru ukuta wa tumbo utoe ute wa kujikinga na asidi. Ute ukipungua, asidi inaunguza. Unaanza kuhisi moto chini ya kifua, kichefuchefu ukiwa na njaa, gesi, halafu vidonda. Na usidhani ukichomwa sindano ya diclofenac badala ya kumeza utakuwa umelikwepa tumbo. Dawa hupitia kwenye damu na kufanya kazi ileile. Wachumaji wengi wa Rungwe na Mufindi ninaowaona wana ratiba moja: chai kavu alfajiri, kapu mgongoni mpaka mchana, kidonge cha mgongo jioni kabla ya ugali. Tumbo gani litavumilia hayo? Kwa mgongo tumia paracetamol, vidonge viwili vya miligramu 500 kwa wakati, visizidi vinane kwa saa 24.

Mtuhumiwa wa pili ni bakteria anayeitwa H. pylori, ambaye wengi wetu tunaye tangu utotoni. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alimnywa kwa makusudi ili athibitishe kwamba analeta ugonjwa wa tumbo. Baada ya siku chache akawa na kichefuchefu na kutapika. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Inawezekana kabisa ile nafuu yako ya muda imetoka hapo: cipro na Flagyl zilimtikisa bakteria huyu bila kumuua, ukasifiwa kuwa unapona taifodi. Kumuua kunahitaji antibayotiki mbili kwa pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14, na daktari ndiye anayezipanga. Omba kipimo cha choo, usikubali kile cha damu, maana nacho kinaangalia kovu, yaani kingamwili. Kwa kuwa umeshameza antibayotiki, subiri wiki nne tangu kidonge cha mwisho, na wiki mbili bila omeprazole, ambayo ni dawa ya kupunguza asidi, la sivyo jibu linaweza kusema huna wakati unaye.

Flagyl, kwa taarifa yako, haitibu taifodi kabisa. Ni dawa ya amiba, giadia na aina fulani za bakteria. Inachokifanya vizuri ni kuleta kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni, na cipro inaifuata nyuma. Sehemu ya ugonjwa wako umeununua dukani.

Vya nyumbani nivipitie haraka. Tangawizi haina ubaya, na kwa kichefuchefu cha mimba ina ushahidi wa kusaidia. Kata vipande vichache vibichi, loweka kwenye maji ya moto, kunywa taratibu, lakini usiitie pilipili manga na kuinywa kali ukiwa na njaa. Magadi yanazima asidi kwa dakika chache, unabeua, unafurahi, kisha asidi inarudi. Katikati umeingiza chumvi nyingi mwilini, na mwenye presha asiyaguse. Maziwa yanatuliza, halafu yanalichochea tumbo litoe asidi zaidi. Kinachosaidia ni kula kidogo mara nyingi, uji mwepesi kabla ya kwenda shambani badala ya chai kavu, na kukaa saa mbili au tatu baada ya kula kabla ya kulala. Harufu ya chakula cha moto ikikutibua, kula kilichopoa.

Unga wa Mwanjelwa sina subira nao. Tumbo halina uchafu unaosubiri kusafishwa. Kinachokutoka ni maji yako, chumvi yako na potasiamu yako, na muuzaji anakuonyesha choo ulichoharisha kama ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Mtu akinywa dawa ya kuharisha ataharisha, hata asiyeumwa chochote. Kopo halina orodha ya kilichomo, halina tarehe, na mwenye kipaza sauti kesho yuko Makambako. Sipigani na tiba asili. Nchi hii ina sheria yake ya mwaka 2002 na ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga. Aliyesajiliwa ana cheti na ana mahali utakapomkuta mambo yakiharibika. Kama bado unaharisha, changanya pakiti moja ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji safi. Ukiikosa, kwenye lita hiyohiyo weka vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Nenda hospitali ya wilaya wiki hii na maganda yote ya dawa ulizomeza, pamoja na kopo la unga. Ukitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, ukipata choo cheusi cha kunata kama lami, ukianza kukonda bila sababu, chakula kikikwama kooni au macho yakiwa ya njano, usisubiri wiki iishe. Nenda siku hiyohiyo.

Na hili la familia nzima kumeza. Linaenea kuanzia Kyela hadi Njombe, na kila anayelifuata anawafundisha bakteria kuzizoea dawa tunazozitegemea taifodi ya kweli inapokuja. Mumeo haumwi. Wanao hawaumwi. Taifodi inaingia kwa maji na chakula kilichoguswa na kinyesi, kwa hiyo kinga yake ni choo kinachofunikwa, sabuni, na maji yaliyotokota dakika moja. Wenzenu wanaoishi juu ya mita 2,000, kama uwanda wa Kitulo, wayaache dakika tatu, kwa sababu huko maji hutokota kabla hayajafika nyuzi 100. Cipro si dawa ya kumpa mtoto kwa kukisia. Kama ulishanunua vidonge vya watoto, usiwape, usimpe jirani, wala usiviweke akiba. Vipeleke hospitali siku utakayokwenda, uwaombe wavitupe wanavyotupa dawa zao.