Nilinusurika kujiua, nna nini cha kuwapa wengine?

SWALI: Assalaam alaykum shangazi. Mie msichana wa miaka 24 naishi Wete. Miaka mitatu nyuma nlijaribu kujiua Mungu akaninusuru, mama akakaa na mie hospitali siku tatu. Sasa kuna nesi anataka niingie kikundi chake cha kusaidia vijana walokata tamaa, mama hataki hata kusikia, anasema ntajitia aibu na posa hazitokuja tena. Na mie sikusoma udaktari, nna nini cha kuwapa?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nashukuru sana kua upo. Unacho cha kuwapa tena kikubwa, daktari anajua maradhi lakini wewe unaujua ule usiku wenyewe, unajua neno gani lilikufunga mdomo na nani akakufungua. Mie nilimpoteza mdogo wangu, mpaka leo namuona yupo barazani anazungusha kikombe cha chai mpaka kinapoa hanywi, sote tunapita tunamwambia subiri, sali sana, hakuna hata mmoja alomuuliza waziwazi unafikiria kujiua? Tuliogopa tutamtia wazo. Kumbe kuuliza hakumtii mtu wazo, kunampa mwanya wa kusema. Alopita huko ndo anaweza kuliuliza bila ya sauti kumtetemeka.

Hata Marekani chama cha wataalamu wa kuzuia kujiua kilifungua kitengo cha walojaribu wakanusurika mwaka 2014 tu, miaka yote kabla walikua wakizungumziwa na wao hawapo.

Ila ukienda usisimulie njia ulotumia, inaweza kumdhuru alo dhaifu. Simulia nani alikaa na wewe, hospitali walikupokea vipi na ungetaka wakupokee vipi, hapo nesi atajifunza kitu. Si lazima usimame mbele za watu, unaweza kumshauri ndani kwa ndani bila jina lako kujulikana, na siku ukihisi giza linarudi acha kila kitu umwambie siku hiyohiyo. Na msomaji mwengine mwenye mawazo haya sasa hivi usikae peke yako, mwambie mtu, nenda hospitali ilo karibu, kwa Unguja ipo Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili.

Mama usigombane nae, anakuogopea. Muombe nesi aje nyumbani, kikundi asikitaje kwanza, amuulize tu zile siku tatu pembeni ya kitanda chako alikua na hali gani, maana sidhani kama yupo aliewahi kumuuliza.