Serikali inasema ni mke, je, dini?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Nipo Morogoro. Nimekaa na mwanamume miaka saba, tuna watoto wawili, majirani na mjumbe wote wananiita mke wake. Nikah hatujafunga, kila mwaka anasema tusubiri apate pesa ya sherehe. Mwanasheria kaniambia serikali inatutambua. Je, mimi ni mke?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, mwanasheria wako hakukudanganya. Kabla ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, huku Bara kila kundi lilioana kwa taratibu zake, na mwanamke wa "sogea tukae" akifukuzwa hakuwa na pa kushika. Sheria hiyo, kifungu cha 160, ikasema mwanamume na mwanamke wakithibitika wamekaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mume na mke, mahakama itachukulia kuwa wameoana. Lakini hiyo inaitwa dhana ya ndoa. Yeye akileta ushahidi kwamba hamkuoana, dhana inaanguka. Hata hapo mahakama yaweza kuamuru wewe na watoto mpewe matunzo. Ni kinga nzuri, na sioni Mwislamu wa kuibeza.

Ila kinga si nikah. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, nikah ina mume, mke, walii (msimamizi wa mke anayemwozesha), mashahidi wawili waadilifu, na tamko la kuozesha na kukubali. Mtume (s.a.w.) amesema hakuna nikah bila walii. Miaka saba, hata ishirini, haizai walii. Kwa hiyo mbele ya sheria ya Allah bado hujawa mke wake, nami nitakuwa nimekuhini nikikuficha hilo.

Sasa hii "pesa ya sherehe". Hapa ndipo jamii yetu ilipojifunga kamba yenyewe. Wazee wetu waliozeshana msikitini baada ya swala, ikaliwa tende na kahawa, basi. Leo kuna kadi za michango, kamati, ukumbi, sare, na kijana asiye na hayo anaona bora aishi na binti wa watu kimya kimya. Mtume alimwambia swahaba atafute mahari japo pete ya chuma. Alipokosa, alimwozesha kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Karamu ni sunna, ukumbi sijauona kitabuni.

Fanyeni hivi. Mtubu, na vitanda vitengwe kuanzia leo. Mpigie baba yako. Kama yuko mbali anaweza kumweka mtu awe wakala wake akuozeshe. Kama hayupo duniani, kuna babu mzaa baba, kisha kaka zako. Walii akikataa bila sababu ya kisheria, nenda kwa kadhi, atasimama yeye. Kuhusu watoto, wao hawana kosa lolote. Suala la nasaba na mirathi linategemea mlivyoanza, kwa hiyo mwelezeni kadhi kila kitu bila kuficha.

Mahari yako itajwe, hata ikiwa msahafu na kanga doti moja. Na siku hiyo hiyo mtie sahihi, cheti cha ndoa ukishike mkononi.

Mwanamume akikwambia tena "subiri", mwulize anasubiri walii au anasubiri ukumbi.

Wallahu aalam.